Chombo cha kuanzia kwa safari ya Meli Nne hadi mjini: Vespa, skuta ya otomatiki, Boxer na Honda Wave

Kila siku ya kazi natoka Meli Nne, njia ya Fuoni hapa Unguja, mara tu jua linapochomoza, nikielekea skuli ninayosomesha huko mjini. Kama jina la mahali lenyewe linavyoeleza, ni mwendo wa maili nne hivi, yaani kilomita sita na kidogo, na kwenda na kurudi hakuzidi kilomita kumi na tatu. Kwa muda wa miaka minne nimeikata njia hiyo kwa vyombo vinne tofauti vya magurudumu mawili: Vespa ya marehemu baba, skuta ya otomatiki niliyoinunua ikiwa imetumika, Boxer ya shemeji yangu niliyoazimwa kwa wiki tatu, na Honda Wave ambayo ndiyo ninayo mpaka leo. Naandika kwa ajili ya mtu anayetafuta chombo chake cha kwanza, na hasa mwanamke anayevaa baibui, kwa sababu ushauri wote nilioupata nilipoanza ulitoka kwa wanaume waliokwisha kuzoea, nao walizungumzia nguvu ya injini na mwendo, mambo ambayo kwa safari yangu hayakunisaidia kitu.

Nilichojifunza, na ndicho ninachotaka msomaji akishike tangu sasa, ni kwamba anayeanza hapati tabu chombo kikiwa kinakwenda. Pikipiki iliyokwisha kushika mwendo hujisimamia yenyewe. Tabu huja pale inaposimama kwenye foleni, inapogeuzwa polepole, inapokanyaga shimo au mchanga, na inaposukumwa kuingizwa uani. Kwa hiyo chombo cha kuanzia kipimwe kwa uzito wake, kwa jinsi miguu inavyofika chini, kwa ukubwa wa magurudumu na kwa breki zake, kisha kwa ukaribu wa fundi anayekijua. Injini ya cc 100 au 110 inatosha kabisa kwa kisiwa ambacho njia zake nyingi ni tambarare, na inayozidi hapo ni ya mtu mwenye safari za Nungwi na Makunduchi.

Nianze na Vespa. Hapa Unguja neno hili limepanuka mpaka likachukua kila chombo ambacho mtu hukaa akaweka miguu mbele, lakini ninayoizungumzia ni Vespa yenyewe, aina ya PX 150, kutoka kampuni ya Piaggio ya Italia iliyoanza kuunda vyombo hivi mwaka 1946. Ya baba ilikuwa ya rangi ya maziwa, na nilipoirithi ilikuwa bado inawaka kwa kiki ya pili. Ina mambo mazuri ambayo siyasahau. Haina mnyororo hata kidogo, kwani injini imeungana moja kwa moja na gurudumu la nyuma, hivyo hakuna cha kukamata nguo upande huo. Gurudumu limefungwa kwa nati tano kama la gari, na lipo la akiba, kwa hiyo pancha ya asubuhi haimfanyi mtu achelewe: unafungua, unabadilisha, unaondoka. Ngao yake pana ya mbele humkinga mpandaji na maji ya madimbwi kuliko chombo kingine chochote nilichopanda.

Lakini kwa anayejifunza ni mzigo mkubwa. Mkono wa kushoto peke yake hubana klachi na wakati huohuo huzungusha mpini wa gia, na kabla kiganja hakijazoea, gia ya kwanza hukosewa mara kwa mara, chombo kikazimika katikati ya makutano. Injini imekaa upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, basi ikiwa imesimama uzito wake huvutia upande huo, na uzito wenyewe unazidi kilo mia moja. Petroli yake huchanganywa na oili, mililita ishirini kwa kila lita, kwa sababu ni injini ya viharusi viwili ambayo haina oili nyingine ya kulainisha pistoni. Ukiweka petroli tupu kwa kusahau, pistoni hushika na injini inakufa njiani. Halafu kuna kutu. Bodi ya Vespa ni ya chuma, nayo ndiyo fremu, hakuna fremu nyingine ndani yake. Siku moja niliponyanyua mpira wa sakafuni ili nioshe, kidole kilipita kwenye bati hadi upande wa pili. Chumvi ya upepo wetu ilikuwa imekwisha kula sehemu yote ambayo miguu ya baba ilikuwa ikikaa kwa miaka. Niliiweka ndani mpaka nitakapopata uwezo wa kuitengeneza, nayo ipo, imefunikwa kanga.

Baada ya hapo nilinunua skuta ya otomatiki ya cc 110, na nakiri kwamba kwa siku za mwanzo hakuna chombo kinachomfundisha mtu kwa haraka kama hiki. Hakuna klachi, hakuna gia, mikono yote miwili ina breki kama baiskeli, na kinachobaki kwa mpandaji ni kushika mafuta na kuangalia njia. Katika uwanja wa mpira wa mtaani kwetu, baada ya sala ya alfajiri, kaka yangu alinifundisha kwa asubuhi nne tu. Kiti chake ni cha chini, kiasi cha sentimita 76 kutoka ardhini, nami mwenye urefu wa sentimita 157 nilikanyaga chini kwa miguu yote miwili bila ya kunyoosha vidole. Chini ya kiti mna nafasi ya kutia mkoba na koti la mvua. Ndani yake hakuna mnyororo, mna mkanda uliofunikwa kabisa, hivyo baibui liko salama kwa upande huo.

Niliipenda, na ningeendelea kuipenda lau ningejua namna ya kuikagua kabla ya kununua. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba haina tatizo lolote, na kwa macho haikuwa nalo: rangi mpya, kiti kipya, taa zinang'aa. Baada ya mwezi ikaanza kutetemeka kila inapoondoka, na ikifika kilomita arobaini kwa saa injini hulia kwa nguvu bila ya chombo kuongeza mwendo. Nikaipeleka kwa fundi. Alifungua kifuniko cha kushoto, akakaa kimya kidogo, kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo utazame mwenyewe. Usije ukasema fundi anataka kukuuzia spea."

Alikuwa amezipanga rola sita juu ya gazeti. Ni vipande vya mviringo, vya ukubwa wa kete kubwa za bao, ambavyo huzunguka ndani ya puli ya mbele na kusukumwa nje kadiri injini inavyozidi kuzunguka, na kwa kusukumwa huko ndiko mkanda hupanda na chombo kikabadilisha mwendo wake bila ya gia. Zilitakiwa ziwe duara kamili. Zote sita zilikuwa zimelika upande mmoja zikawa bapa, na mkanda, alipoukunja kwa vidole, ulionesha nyufa ndogondogo katikati ya kila jino. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mambo haya mawili ndiyo ya kuulizwa kwanza kwenye skuta ya otomatiki iliyotumika: mkanda umebadilishwa lini, na rola zina hali gani. Skuta nyingi za aina hii huhitaji mkanda mpya baada ya kilomita elfu ishirini hivi, na mkanda ukikatika njiani hakuna hila ya kuirudisha nyumbani isipokuwa kusukuma. Mtu asione haya kumwomba muuzaji afungue kifuniko kile. Ni skrubu chache tu, na anayekataa amekwisha kutoa jibu.

Kasoro ya pili ya skuta haikuwa ya muuzaji wala ya fundi; ni ya umbo lake. Magurudumu yake ni madogo, ya inchi kumi. Ukipima kutoka ardhini hadi juu ya tairi unapata kiasi cha sentimita 43, ilhali gurudumu la inchi kumi na saba la Honda Wave linafika kama sentimita 56. Tofauti hiyo ya sentimita kumi na tatu inaonekana ndogo kwa kusoma, lakini kwenye shimo ni tofauti ya kupita na kutumbukia, kwa sababu gurudumu kubwa hulivuka shimo juu juu na dogo huingia ndani yake lote. Njia zetu kuu ni nzuri siku hizi. Taabu iko kwenye zile hatua mia mbili au mia tatu za mwisho, kutoka barabarani hadi mlangoni, ambako ni mawe ya matumbawe, mchanga na mitaro iliyochimbwa na maji ya mvua.

Ni katika hatua hizo ndipo nilipoanguka. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku na kusukuma mchanga hadi juu ya lami, pale kichochoro chetu kinapokutana na barabara. Nilikata kona kwa mwendo wa baiskeli, nikaona mbuzi, nikabana breki ya mbele huku usukani ukiwa umegeuka. Gurudumu la mbele liliteleza kabla sijamaliza kubana. Niliumia goti na kioo cha kulia kilivunjika, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba haikuwa zaidi ya hapo. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu breki ya mbele haibanwi wakati chombo kimelala kwenye kona, na kwenye mchanga haibanwi kwa ghafla hata kikiwa kimenyooka. Hata hivyo nimepita pahala palepale mara nyingi baadaye kwa gurudumu la inchi kumi na saba, mchanga ukiwepo, nami nahisi wazi namna tairi refu na jembamba linavyoupasua mchanga wakati lile fupi na pana lilikuwa likielea juu yake.

Wakati skuta iko kwa fundi ikisubiri rola na mkanda, shemeji yangu alinipa Boxer yake. Sina neno baya kwa chombo hiki, na ninaelewa kwa nini vijana wa bodaboda wameking'ang'ania: spea zake ziko katika kila duka, kila kijiwe kina kijana anayeweza kuifungua na kuifunga, kinabeba mizigo na abiria bila kulalamika, na kinakula mafuta kidogo kwa nguvu zake. Kwa safari yangu kilikuwa kirefu. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, ambako asubuhi gari za abiria husimama na kuondoka kila baada ya hatua chache, nilikuwa nikigusa chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, huku mkono wa kushoto ukibana na kuachia klachi mpaka kiganja kikaingia ganzi. Anayeanza hujifunza mambo matatu kwa wakati mmoja, yaani kusawazisha uzito, kuachia klachi na kuangalia watu, na ukimpunguzia moja katika hayo, mawili yaliyobaki huyajifunza vizuri zaidi.

Kupanda nako ni jambo la kuzingatiwa. Boxer ina tangi mbele ya kiti, basi ni lazima mguu urushwe juu yake kwa nyuma. Kwa mwenye baibui hilo humlazimu kuvaa suruali pana ndani na kulikusanya baibui juu ya magoti kila anapopanda na kushuka, mbele ya wanafunzi na wazee wa wanafunzi. Wapo kinamama wanaofanya hivyo kwa heshima kamili na sina la kuwalaumu. Mimi sikustareheka nalo, na naona ni haki ya mnunuzi kulihesabu jambo hilo sawasawa na anavyohesabu bei.

Sasa niseme kwa kirefu juu ya Honda Wave, kwa sababu ndiyo ninayoipendekeza. Asili yake ni Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 50, na ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imeundwa zaidi ya milioni mia moja, idadi ambayo hakuna chombo kingine chenye injini kilichoifikia. Inaelezwa kwamba walioibuni walitaka hata kijana anayepeleka vyakula kwa wateja aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, sinia likiwa mkono wa pili, na ndiyo maana wakaiondoa klachi ya mkono. Klachi ipo ndani ya injini na hujiachia yenyewe kadiri injini inavyozunguka. Gia zipo, nne katika Wave ya cc 110, lakini hubadilishwa kwa mguu wa kushoto tu: ncha ya mbele ya kanyagio inapanda gia, ya nyuma inashuka. Ukisimama kwenye foleni ukiwa katika gia ya kwanza haizimiki, unaachia mafuta tu na kushika breki, kama otomatiki.

Hapo ndipo ninapoona ubora wake kwa anayeanza. Inampa wepesi wa skuta bila ya kumnyima gia, na mtu akiwa na gia anapunguza mwendo kwa injini yenyewe kabla hajagusa breki, jambo ambalo lina faida kubwa siku ya mvua. Uzito wake hauzidi kilo mia moja. Kiti chake ni cha kiasi cha sentimita 76, sawa na skuta, lakini magurudumu ni ya inchi kumi na saba. Mbele ya kiti pako wazi kiasi, hakuna tangi, kwani petroli hutiwa chini ya kiti, hivyo hupandwa kwa kupitisha mguu mbele na baibui likabaki mahala pake.

Ina namna yake ya kukosewa, nayo ni vyema ijulikane. Ukishusha gia kwa haraka huku mafuta umeyaachia kabisa, gurudumu la nyuma huzuiwa na injini na chombo hutikisika kwa nguvu. Wiki ya kwanza hilo lilinitokea karibu na soko la Mwanakwerekwe na nilidhani nimegongwa. Dawa yake ni kushusha gia moja moja, kukiwa na mwendo mdogo, na kuongeza mafuta kidogo sana kabla mguu haujaachia kanyagio. Baada ya siku kumi mguu hufanya wenyewe.

Kuhusu mafuta, nimeipima kwa muda mrefu, nikijaza tangi hadi juu na kuandika kilomita. Wave yangu inakwenda kilomita hamsini na kidogo kwa lita moja, skuta ilikuwa ikienda kama arobaini na mbili, na Vespa ya baba haikufika thelathini na tano. Kwa siku tano za kazi natumia lita moja na robo. Tangi lake ni dogo, la lita nne hivi, basi mwenye kusafiri mashamba atalijaza mara kwa mara, lakini kwa mwendo wangu najaza mara moja na kuisahau kwa zaidi ya wiki mbili.

Oili naibadilisha kila baada ya miezi sita, muda ambao kwa safari yangu ni chini ya kilomita 2,000. Hapa nataka kutahadharisha jambo ambalo wengi hulikosea dukani. Klachi ya Wave, kama ya Boxer, huogelea ndani ya oili ileile ya injini, kwa hiyo chupa inayofaa ni ile iliyoandikwa JASO MA. Iliyoandikwa JASO MB ni ya skuta za otomatiki, ambazo klachi yake ni kavu, na ina utelezi unaoweza kuifanya klachi ya Wave isishike. Oili ya gari nayo mara nyingi ni vivyo hivyo. Herufi hizo mbili ziko nyuma ya chupa kwa maandishi madogo, na inafaa kuzisoma kabla ya kulipa.

Mnyororo ndio unaoidai Wave huduma zaidi kuliko skuta. Upepo wa bahari na mvua huukausha na kuutia kutu kwa siku chache tu, basi kila Jumapili naufuta kwa kitambaa na kuupaka oili, kisha nausukuma juu na chini kwa kidole katikati yake: ukicheza sentimita mbili hadi tatu uko sawa, ukizidi hapo unakazwa. Ni kazi ya dakika kumi. Wave yangu ina kifuniko cha mnyororo upande wa juu, nami nikaongeza kwa fundi wa kuchomea kipande cha bati pembeni mwa gurudumu la nyuma, ili ncha ya baibui isiweze kuingia kwenye spoku hata upepo ukivuma. Hili nalisisitiza kwa kila dada anayenunua chombo cha aina yoyote. Nguo ikishikwa na gurudumu haimpi mtu nafasi ya kusimamisha. Mimi hukalia sehemu ya nyuma ya baibui, na ya mbele huikunja na kuibana kwa klipu pana ya nguo kando ya goti, na simruhusu abiria wa nyuma apande akiwa na mtandio unaoning'inia.

Juu ya helmeti nitasema machache ila nayasema kwa uzito. Inunuliwe pamoja na chombo, kwa fedha zilizotengwa tangu mwanzo, na ijaribiwe kichwani ukiwa na ushungi uleule utakaouvaa njiani, kwa sababu helmeti iliyokaa vizuri juu ya nywele tupu itabana juu ya ushungi, na iliyokaa vizuri juu ya kilemba kinene italegea siku utakapovaa chepesi. Ndani yake mimi huvaa kofia laini ya kubana isiyo na pini, kwani pini chini ya helmeti ni jambo la hatari. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba inayoanza na 05 au 06 kwenye lebo ya mkanda wa kidevuni. Kile kifuniko chepesi cha plastiki ambacho wengine hukivaa ili askari asiwasimamishe hakilindi kitu.

Yuko mtu mmoja ambaye kwake hukumu yangu ingebadilika, naye ni anayeishi na kufanya kazi ndani ya Mji Mkongwe. Akiwa anatoka Malindi kwenda Vuga kwa vichochoro, baina ya mabaraza na watoto, mwendo wake ni wa kutembea, kona ni za kila hatua, na mara nyingi ni bora azime injini asukume kupita mbele ya msikiti wakati wa sala. Huko skuta ya otomatiki haina mpinzani, kwa wepesi wake wa kugeuka na kwa breki zilizo mikononi. Lakini aifiche na upepo wa baharini, na kila wiki aioshe kwa maji yasiyo na chumvi chini ya sakafu yake, mahali ambapo macho hayafiki. Mkaazi wa Fuoni, Tomondo, Bububu au Mwera, ambaye lazima akanyage lami, mchanga na madimbwi kwa safari moja, anahitaji magurudumu makubwa. Kwenye maji pia kuna tofauti: yakiingia kwenye sanduku la mkanda, skuta huteleza na kukosa nguvu mpaka likauke, na ile njia ya Mwanakwerekwe kwa miaka mingi imejulikana kwa kujaa maji kila masika. Kwa chombo chochote, ukishatoka dimbwini, shika breki taratibu kwa hatua chache ili zikauke, kwani breki za dramu zikiingia maji hazishiki kwa mara ya kwanza.

Kwa anayenunua kilichotumika, mimi sasa hufika kwa muuzaji bila ya kumpa saa kamili, na jambo la kwanza ni kusogeza kiganja karibu na eksozi. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla sijafika ili nisione inavyopata taabu kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa rangi ya buluu kwenye injini ya viharusi vinne ni oili inayoungua, na matengenezo yake si madogo. Gurudumu la mbele linyanyuliwe, usukani ugeuzwe polepole kulia na kushoto. Ukikwama kidogo katikati, beringi za usukani zimekwisha. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hata kama meno yake bado yapo, mpira wa umri huo umekauka na utateleza. Namba ya fremu na ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Usajili wa Zanzibar uko peke yake, namba zetu huanza na Z, na chombo kilichotoka Bara kikiwa bado na namba za huko kina taratibu zake za bandarini na za kodi ambazo muuzaji anapaswa awe amezikamilisha kabla ya fedha kutoka mkononi mwako.

Zipo kasoro za Wave ambazo sijapata dawa yake. Ngao yake ni nyembamba, na siku ya mvua viatu hurowa kabla sijafika Amani. Chini ya kiti hamna nafasi ya maana, hata koti la mvua haliingii lote. Kwa sababu hiyo mwanzoni nilifunga kikapu cha chuma mbele ya usukani, nikatia madaftari ya darasa zima, na siku ileile nikahisi usukani umekuwa mzito na unachelewa kurudi kwenye kona. Kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa chombo hukata mita kumi na moja kila sekunde, na sikutaka hata nusu ya sekunde hiyo ipotee kwa sababu ya kikapu. Nimekihamishia nyuma, juu ya keria, madaftari yamefungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki, na usukani umerudi wepesi wake wa awali.